Mashine Niliyomchagulia Baba

Buyenzi, Bujumbura
9 Machi 2003

Mutoto wangu Waridi,

Assalamu alaykum. Mi baba yako ni muzima, namushukuru Mungu, na natumaini we na bwana yako hamujambo huko Dar es Salaam. Majirani wote wa hapa wanakusalimia.

Najua ni miaka sita hatujaandikiana. Barua yako ya mwisho, ile uliyoandika mama yako alipokufa, ningali nayo. Sikuijibu. Leo pia siijibu. Nakuandikia juu ya kazi.

Kule Kanyosha kuna madamu Pascaline, wa kamati ya kanisa. Watu waliokimbia vita wanarudi kidogo kidogo kutoka kambini na nyumba zao zimelala chini. Vichochoro ni vyembamba, mashini kubwa haiingii. Anatafuta mutu mwenye katapila ndogo, yenye kijiko mbele na mikanda ya mpira chini, isiyozama mu matope. Mi nimeendesha mashini miaka thelathini, lakini tangu kampani ya barabara ifunge, nimekaa tu. Nimeuza lori yangu, pesa nitakutumia. Nasikia we unatunza stoo mu yadi ya mashini zilizokwisha tumika. Nitafutie moja. Kwa watoto wangu wote ni we peke yako uliyependa mashini. We utajua ipi ni nzima.

Nataka nguvu. Hayo mengine ni mapambo.

Ni mimi,
Baba yako, Hamimu

*

Vingunguti, Dar es Salaam
30 Machi 2003

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imenikuta salama, mimi na mume wangu na wanetu wawili ambao hujawaona. Dereva wa lori aliyeileta alinikuta dirishani stoo. Nilipouona mwandiko wako niliufunga mlango nikaisomea ndani.

Baba, zipo mbili. Ya kwanza ni ya njano. Ina nguvu za farasi themanini na tano, pampu yake ya haidroli ni kali, na meno ya gurudumu linalovuta mkanda hayajalika. Lakini magurudumu madogo ya chini yamefungwa moja kwa moja kwenye fremu, hakuna kitu cha kulainisha. Kiti chake ni sponji iliyolala juu ya bati.

Ya pili ni nyekundu. Farasi sitini na mbili tu. Ila chini imening'inizwa kwenye ekseli zenye mpira ndani, na kiti ni cha hewa, unakijaza kulingana na uzito wako.

Nilizijaribu zote kwa mikono yangu. Fundi Shakuru wa hapa yadini alipanga mataruma ya reli uwanjani, nikaweka sufuria ya maji karibu na miguu yangu, nikaendesha juu ya mataruma. Kwenye nyekundu maji yalicheza tu. Kwenye ya njano nilifika mwisho sufuria imelala ubavu na meno yananiuma.

Mimi ningechukua nyekundu. Itainua kidogo kidogo, lakini itakufikisha jioni ukiwa mtu. Na mgongo wako vipi, baba? Nakumbuka ulivyokuwa ukirudi kazini mama anakufunga kanga kiunoni kabla hujala. Niambie kweli.

Bintiyo,
Waridi

*

Buyenzi
21 Aprili 2003

Mutoto wangu,

Salamu nyingi, na hao wajukuu uwabusu kwa niaba yangu. Sikujua kama ni wawili.

Nimesoma habari ya masufuria. Mashini hainunuliwi kwa kubeba maji. Kule Kanyosha kuna zege, kuna misingi ya mawe, kuna miti iliyoangukia nyumba. Mashini ya farasi sitini itapiga magoti mbele ya ukuta wa kwanza, na madamu Pascaline atatafuta mutu mwingine. Kiti kizuri ni cha wazee na cha mapatro wanaozunguka kuangalia kazi ya wengine.

Mugongo wangu ni muzima. Uliza yeyote mu Buyenzi.

Chukua ya njano. Mara hii, Waridi, fanya vile baba yako amesema.

Baba yako, Hamimu

*

Vingunguti
12 Mei 2003

Baba,

Shikamoo. Sisi hatujambo, watoto wamepona mafua.

Nimefanya ulivyosema. Ya njano imepanda treni ya mizigo jana kwenda Kigoma, na kutoka pale itapakiwa melini kuja kwenu. Nimebadilisha mafuta na vichujio vyote, nimeweka mkanda wa akiba na mikebe miwili ya grisi ndani ya boksi la vifaa. Fundi Shakuru ameifunga kamba nne.

Nilitaka kukuandikia mengi zaidi. Tutaandikiana, sivyo?

Binti yako,
Waridi

*

Buyenzi
27 Juni 2003

Mutoto wangu Waridi,

Salaam alaykum, hapa sote tunaendelea vizuri.

Mashini ilifika. Siku ya kuishusha bandarini nusu ya Buyenzi ilikuja kutazama. Télesphore, yule kijana wa marehemu rafiki yangu ambaye sasa ni mutu muzima mwenye familia, ananisaidia kuipakia juu ya lori kwenda Kanyosha na kurudi. Usiku inalala mu Zone Industrielle, mutaa wa viwanda, mu depo yenye ukuta.

We, ina nguvu. Juzi iling'oa musingi mmoja wa mawe ambao wanaume kumi walikuwa wameuacha. Madamu Pascaline alipiga makofi. Tumekwisha safisha nyumba kumi na tisa. Kuna mama anaitwa Dévote, tulimusafishia kwanza, amekwisha jenga tena na amefunika kwa zege, anasema bati linaibiwa.

Nafanya kazi asubuhi tu. Mchana Télesphore anaendesha, ajifunze.

Ulichagua vizuri.

Baba yako

*

Vingunguti
15 Julai 2003

Baba,

Redio inasema mabomu yameanguka mjini kwenu wiki nzima, na mitaa ya kusini ndiyo iliyopigwa zaidi. Nimejaribu simu ya duka la jirani yako siku nne, haishiki. Andika neno moja tu. Mpe dereva yeyote anayekuja huku, nitamlipia chai na chakula.

Waridi

*

Vingunguti
8 Agosti 2003

Baba, sijapata kitu. Tafadhali.

Waridi

*

Buyenzi
3 Septemba 2003

Mutoto wangu Waridi,

Assalamu alaykum. Mi ni hai. Mukono unaoandika ni wa Télesphore, mi nasema tu, na nimemuambia aandike yote bila kupunguza.

Asubuhi moja ya ile wiki, madamu Pascaline alifika depo kwa miguu. Bomu lilipiga nyumba ya Dévote, lile dari la zege limewalalia yeye na mama yake, na wanasikika wakiita. Shofa wa lori alikuwa amekimbia na familia yake. Nikasema, basi mashini itakwenda na mikanda yake yenyewe. Télesphore akanifuata kwa baiskeli.

Ni zaidi ya saa moja kwa mwendo ule. Barabara ilikuwa tupu upande wangu. Upande wa pili watu walikuja wengi, magodoro kichwani, wakanitazama kama mwenda wazimu. Toka daraja la Muha lami ilikuwa imejaa mawe na vipande. Kila jiwe lilipita ku chuma, likapita ku kiti, likanifika shingoni. Nilijaribu kusimama, kichwa kikagonga juu. Kabla ya kufika Kanyosha mguu wa kushoto ulikuwa umekwisha kuwa wa mutu mwingine.

Nikaingiza kijiko chini ya dari. Mashini ililia, nyuma ikanyanyuka, Télesphore na wanaume wengine sita wakakaa juu yake kuirudisha chini. Dari likapanda. Waridi, ile nyekundu isingeliinua. Nasema hivyo juu ni kweli, si juu nataka kushinda. Dévote alitoka mukono umevunjika. Mama yake aliishi siku mbili.

Halafu nilitaka kushuka, na miguu ikakataa. Walinitoa wakanibeba juu ya mulango wa nyumba ya jirani. Hospitali wamesema mufupa umekandamiza mushipa. Sitasimama tena.

Sasa sikiliza. Mwaka wa 1999 daktari alinionyesha picha ya mugongo wangu. Alisema, muzee, ukipanda tena mashini inayoruka, utaishia kitandani. We uliniuliza kwa barua, niambie kweli, na mi nikakuandikia ni muzima. Tulikuwa tumenyamaziana miaka sita. Nilitaka ukinikumbuka umukumbuke yule aliyekuweka mapajani juu ya buldoza, si muzee anayeomba kiti laini.

Na iko lingine. Mwaka ule vita ilipowakimbiza kwenda Tanzania, we ulisema mama aje na nyinyi, na mi nikakuambia mwenyewe hataki kuacha nyumba yake. Apana. Aliniomba tuondoke. Aliniomba mara mbili, mara ya pili amekwisha funga mizigo. Nilimuambia kampani itafungua tena, sitaacha kazi yangu. Embargo ikaja, nchi jirani zikafunga mipaka, dawa yake ya sukari ikakosekana mu maduka yote. Uliniandikia kwamba ubishi wangu ndio ulimuua, nikakasirika miaka sita. Mutu hakasiriki hivyo kwa uongo.

Télesphore ameacha kuandika kidogo. Nimemuambia aendelee. Hakuna zaidi.

Baba yako, Hamimu

*

Vingunguti
24 Septemba 2003

Baba,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mara nyingi.

Nianze na langu. Siku moja kabla ya treni, fundi Shakuru aliniambia: "Dada, kuna mashine mbovu kule nyuma, injini imekufa lakini kiti chake cha hewa ni kizima. Nipe siku ya kesho, nikitoboe matundu, nikifunge kwenye hii ya njano." Siku moja tu. Treni nyingine ilikuwa wiki inayofuata. Nikamwambia, "Acha, baba hataki kiti." Nilisema kwa hasira, baba. Moyoni nilikuwa nasema: ametaka kigumu, akipate kigumu.

Na pia niliogopa. Barua yako ya kwanza baada ya miaka sita ilikuwa ya kuomba kitu, nikajiambia nikikubishia utanyamaza tena. Ulipoandika mgongo ni mzima nilijua si kweli. Mtu aliyekuwa anakula amesimama kwa ajili ya kiuno mwaka 1992 hawezi kuwa mzima 2003. Nilijua, na nikatia sahihi karatasi za kusafirisha. Hasira na woga vilikaa pamoja, na mimi nikaviita utii.

Ungekuwa na nguvu zile zile za kuinua dari la Dévote, ila ukiwa umekaa kwenye kiti cha mtu. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Kuhusu mama, narudia mstari mmoja tu. Mizigo yake ilikuwa imefungwa. Sikulijua hilo.

Waridi

*

Buyenzi
20 Oktoba 2003

Mutoto wangu,

Salaam. Nalala, nakula kidogo, wake wa majirani wananigeuza asubuhi na jioni. Télesphore anaendesha mashini na kazi ya Kanyosha inaendelea. Nimemuuzia kwa bei aliyoweza.

Habari ya kiti, usijibebeshe. Ningekuta umekifunga, ningeking'oa siku ya kwanza mbele ya watu. Unanijua.

Unaweza kuwa unafikiria kuja. Usije. Boti haziaminiki, njia bado ina watu wa bunduki, na hapa hakuna kitu cha kuona. Nyumba inanuka dawa. Kaa na watoto wako. Mi nimekwisha kusema niliyokuwa nayo, na sitaki uje kunijibu ana kwa ana kwa kulazimika.

Ramadhani inakaribia, nisamehe mapungufu.

Baba yako

*

Kigoma
9 Novemba 2003

Baba,

Shikamoo. Anayekuletea barua hii ni baharia wa boti ya simenti inayotangulia leo. Yangu inaondoka Jumatano, Mungu akipenda, na nitakuwa bandarini Bujumbura asubuhi ya Alhamisi. Watoto nimewaacha na baba yao. Nimeomba likizo, na kama haitatosha watatafuta mtu mwingine wa stoo.

Umeniambia nisije. Ungekuwa umeniambia hivyo mwezi Machi, ningetii.

Siji kukuambia nimekusamehe habari ya mama. Nimelitafuta neno hilo njia nzima kwenye treni, siku mbili na usiku wake, sijaliona. Huenda likaja nikiwa hapo, huenda lisije. Nawe huenda usinisamehe kwa kujua na kukaa kimya. Lakini kuna mtu anatakiwa kukugeuza asubuhi na jioni, na haifai awe mke wa jirani wakati mimi nipo.

Nimekuja na godoro la hospitali, lile la kujazwa hewa. Fundi Shakuru ndiye aliyelipata, akalifunga mwenyewe kwa gunia. Alikataa kunitazama usoni aliponikabidhi.

Usimtume mtu bandarini. Télesphore aende kazini kwake. Nitatafuta mkokoteni wa godoro, nami nitafuata nyuma kwa miguu hadi Buyenzi. Njia naijua.

Binti yako,
Waridi