Ufunguo wa Qanuni Mkononi mwa Rahma

Jumatano. Mvua tangu alfajiri, na roho yangu nzito kuliko hilo wingu.

Qanuni ina nyuzi nyingi, zimetandazwa juu ya sanduku la mbao ninalolilaza mapajani, na unyevu wa masika huzilegeza zote. Miaka nenda rudi mimi ndiye ninayezikaza kabla ya mazoezi, kwa ufunguo mdogo wa shaba, kisha fidla, udi na akodiani zinafuata sauti yangu. Ndiyo ada ya kilabu chetu cha taarabu hapa Mji Mkongwe. Qanuni ikienda kombo, sote tumekwenda kombo.

Leo nimemaliza kuzikaza, nikatoka kwenda kutawadha kwa ajili ya magharibi. Nimefika ngazini nikakumbuka kofia yangu, nikarudi.

Nimemkuta Rahma ameinama juu ya qanuni yangu. Rahma anapiga fidla, lakini na qanuni pia nimemfundisha tangu yuko skuli. Ufunguo wangu mkononi mwake. Anakaza uzi, anaupiga, anasikiliza, anakwenda kwa wa pili. Wenzake wamekaa kimya wanamsubiri, mmoja anakunywa chai. Hakuna aliyeshangaa. Wameshazoea.

Wameshazoea!

Kumbe kila nikenda kutawadha, kazi yangu inafanywa upya.

"Nafuta vumbi tu, Maalim," akasema.

"Ahsante, mwanangu," nikajibu. Nikachukua kofia yangu nikaondoka.

Tumesali pamoja, tumerudi, tumepiga nyimbo tatu, na kila mtu akaniambia, "Mashallah, Maalim." Laiti mmoja wao angenitukana. Nimeona haya, nimeona hasira, na wallahi sijui nimkasirikie nani. Wamenisitiri watoto wa watu. Lakini kusitiriwa kunauma jamani, asikwambie mtu.

Na mimi nilikuwa na visingizio vyangu kwa masikio haya. Mara mvua. Mara nyuzi za siku hizi hazina maana. Adhana ya msikiti wa nyuma ya nyumba sikuisikia siku chungu nzima, nikawa nalalamika barazani kwamba spika yao imekufa. Watu wa barazani wakaitikia, "Naam, imekufa." Nao pia!

Niliporudi nyumbani na qanuni yangu, nimepiga uzi mmoja mbele ya mke wangu, Salma, nikamuuliza umekaa sawa. "Umekaa sawa," akasema, na macho yake kwenye mchele anaochagua. Sikumuuliza tena. Niliogopa angenitazama.

Jumamosi tuna harusi Chukwani. Pale jukwaani qanuni hufungua peke yake, wengine wote kimya, na hakuna kutoka kwenda kutawadha. Nitazikaza mwenyewe mbele ya watu, na nitakachopiga ndicho watakachosikia.

Nisipopiga, mimi nani? Sina kazi nyingine. Hata jina langu, mtaani wananiita Maalim Qanuni.

Kesho nitampa Rahma ule ufunguo, mbele ya wote, nimwambie Jumamosi akae yeye kwenye kiti changu. Namjua, atakataa. Atashika kifua, atasema, "Hasha, Maalim, wewe upo." Nitamwambia tena.

Mara ya pili atapokea. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.