Mwezi Mmoja Bandarini Neiafu

Whangārei,
Jumapili, 12 Aprili

Shemeji yangu mpendwa Glenys,

Salamu nyingi kutoka huku kaskazini. Natumaini zinakukuta mzima, goti limepoa, na Selwyn ameacha kugombana na mabomba ya bafuni. Sisi tupo. Nikisema hatujambo utanicheka, maana hali ya nyumba hii unaijua. Lakini tunakula kidogo, tunalala kidogo, na mvua imetuachia siku mbili za jua. Dada yako Raewyn anakusalimu. Anadhani nakuandikia kukushukuru kwa zile soksi.

Ama baada ya salamu, nimeamua kuandika badala ya kupiga simu kwa sababu kuta za nyumba hii ni mbao tupu, na Raewyn, pamoja na maradhi yake yote, hapitwi na neno. Tena kwenye simu wewe hunipi nafasi. Wiki iliyopita nilisema “haloo” tu, mengine yote ukayasema wewe. Uliniuliza kama nina wazimu. Ulisema mgonjwa asiyeweza hata kupanda ngazi za kwake, mimi nataka kumpeleka Neiafu kule Tonga akatapikie baharini, kisha akae mwezi mzima ndani ya mashua isiyo na mahali pa kunyoosha miguu, eti kwa sababu mimi ndivyo nilivyozoea. Ukamaliza kwa kuniita mbinafsi. Wala sikukasirika sana, maana ningekuwa wewe ningesema hayo hayo, na matusi juu.

Lakini ujue kwamba safari hii aliianzisha yeye. Ilikuwa Februari, siku ile daktari alipotuambia kwamba saratani imeshafika kwenye ini na dawa zilizobaki ni za kutuliza maumivu tu. Tulirudi garini tukakaa bila kuliwasha. Yeye akasema, “Murray, mwaka huu twende tena Neiafu. Mwezi mzima, bila kuhamahama. Tufunge mashua kwenye boya la Sisilia, tukae tu.” Nikasema ndiyo. Hata angeniambia twende tukaishi juu ya mti ningesema ndiyo.

Tangu hapo hatuna mazungumzo mengine. Asubuhi, dawa ikishamshika, hupata nguvu kidogo, ndipo ramani inapofunguliwa mezani. Anataka boya lile lililo karibu na kanisa, ili Jumapili nyimbo zisikike bila mtu kushuka. Anapanga siku za kwenda sokoni. Anakumbuka nani bado yupo Neiafu na nani amehamia Auckland. Nilipotaka tuondoke Mei, mara tu msimu wa vimbunga ukiisha, alikataa katakata. Alisema nyangumi hawajai kule mpaka Julai, na utamu wote wa Neiafu ni kulala ukiwasikia wakiimba chini ya mashua. Nikamwambia Julai ni mbali. Akaniangalia, akasema, “Si mbali hivyo. Acha uoga.” Nikatoka kwenda kukwangua rangi ya mashua yetu, Tōrea, maana mashua haibishani na mtu.

Basi zikaja siku za makopo. Kazi hiyo uliwahi kutusaidia mwaka mmoja, ukalalamika mpaka mwisho. Karatasi zote hubanduliwa, kwa kuwa mle ndani, chini ya sakafu ya mashua, maji hayakosekani, na karatasi ikilowa huenda kuziba pampu. Kisha jina la kilichomo huandikwa juu ya kifuniko kwa wino usiofutika. Raewyn aliifanya yote kitandani, sinia magotini, hakutaka nimsaidie. Kopo moja la nyama aliliandika “Sumu”, akaliweka juu kabisa ili niwe wa kwanza kuliona. Alicheka peke yake chumbani, nami nikamsikia kutoka jikoni, nikafurahi kama mjinga.

Jumanne nikabeba maboksi kwenda kuyapanga mashuani. Glenys, kila kopo lilikuwa dogo. Maharage, pichi, nyama, vyote ni vile vikopo vya mtu mmoja. Miaka yote sisi tumenunua makubwa, tunafungua moja tunagawana. Nikadhani wa dukani wamekosea. Nikafungua kabati lake, lile la upande wa kushoto, nitafute mahali pa kuweka boksi kwa muda. Sweta zake hazikuwamo. Koti lake la mvua halikuwamo. Ndani zilipangwa taulo zangu, miwani yangu ya akiba na dawa zangu za presha. Mwezi uliopita aliomba nimsaidie kupanda mashuani akae kidogo peke yake, nami nikaenda zangu kunywa chai na watu wa gati, nikidhani anataka kutazama maji.

Hata hapo nilijitahidi nisielewe. Nikampigia Sisilia, yule mwenye maboya kule Neiafu, kuulizia boya. Huwa akisikia sauti yangu ananiita mzee kutu, kwa ajili ya injini yangu, na kuuliza kama bado sijazama. Safari hii hakunitania. Alisema, “Usijali kaka, Raewyn ameshaniambia yote. Kila Jumapili unakula kwetu, na ukileta ukaidi nitawatuma vijana wakubebe. Hatutakuacha ukae peke yako humo ndani.” Nikamuuliza, “Peke yangu?” Hapo akatambua kwamba mimi sikuwa nimeambiwa. Akaanza kulia. Nikamdanganya kwamba mtandao ni mbaya, nikakata simu.

Ndiyo hivyo, shemeji. Hakuna anayemburuta dada yako baharini. Hajawahi kupanga kwenda, hata siku moja. Julai aliichagua kwa hesabu zake mwenyewe. Amenitafutia mahali pa kuwa siku zile ambazo nyumba hii haitakalika, na watu wa kunilazimisha kula. Mimi sijamwambia kwamba najua, yeye hajaniambia, na kila asubuhi tunafungua ramani. Naogopa, Glenys. Siutaki mwezi huo. Sitaki kuwasikia nyangumi nikiwa peke yangu.

Ulisema utakuja Juni. Usingoje Juni, njoo wiki hii. Ukifika usimwonyeshe kwamba nimekuandikia. Ukitaka kunigombeza kuhusu safari nigombeze mbele yake, tena kwa sauti, kwa kuwa anapenda sana kunitetea.

Liko jambo moja zaidi, na hili usimwambie hata Selwyn. Katika mipango yake yote kimebaki kitu kimoja, mkate. Anasema siku atakayochoka huko Neiafu itabidi nioke mimi, kwa hiyo lazima nijue. Basi kila siku anakaa kwenye kiti cha jikoni, blanketi mabegani, ananifundisha. “Maji ya uvuguvugu, wewe! Unataka kuiua hamira?” Amesema nikishaweza mkate, hana wasiwasi tena. Kila kitu kitakuwa tayari.

Mkate wa kwanza ulikuwa tofali. Wa pili, tofali. Lakini tangu wiki iliyopita mikono yangu imeshaelewa, unga unaumuka vizuri kabisa, hata mimi nashangaa. Najua kuoka mkate, Glenys. Kwa hiyo namsubiri asinzie pale kitini, kisha naongeza moto. Unatoka mweusi. Akiamka anautazama, anacheka mpaka anakohoa, anasema, “Mungu wangu, Murray, wewe hufundishiki. Kesho tunaanza upya.” Nami namjibu ndiyo, kesho.

Nisalimie Selwyn na wajukuu wote, na jirani yako yule wa mbwa. Beba koti zito, asubuhi kumeanza kuwa na baridi. Mkate usilete.

Ni mimi shemeji yako,
Murray