Picha ya Mama Juu ya Meza ya Kucha

Beaumont, Teksas
12 Machi 1996

Bibi yangu,

Naamini barua hii inakukuta bado una nguvu za kumgombeza kila apitaye mbele ya nyumba. Mgongo je? Bata wanataga? Mimi mzima, ila harufu ya dawa za kucha imenikaa puani mpaka wali nauonja kama rangi.

Bibi, nimepata leseni ya kutengeneza kucha. Kwenye mtihani nilimsafisha mtu vidole mbele ya mama mmoja aliyeniangalia kama mwizi wa kuku. Nimepita. Sasa nataka saluni yangu mwenyewe. Nimeona chumba kati ya dobi na muuza maandazi. Viti viwili vyenye beseni la miguu nimevipata vya mtumba, na feni kubwa ya kutoa harufu nje ninayo, maana bila hiyo mkaguzi hapitishi. Kilichobaki ni bahati, na mambo ya bahati nakuuliza wewe.

Nimemtumia Mama chupa ya rangi ya kucha, nyekundu. Tangu niondoke hajaniandikia neno. Mwambie sikukimbia, nilifuata kazi. Niambie atakachosema, usipambe.

Mjukuu wako,
Thoa


Cai Lay, Vietnam
9 Aprili 1996

Wewe Thoa, mjukuu wangu,

Barua imefika na mimi bado nipo. Mgongo unauma kama kawaida yake. Bata wanataga. Wewe kula, kwenye picha ya mwaka jana ulikuwa kama ufagio uliovishwa gauni. Anayeandika ni Bi Tam wa hapa jirani. Mimi sikuwahi kukaa darasani hata siku moja, kwa hiyo nasema, yeye anaandika, na akinuna kwa maneno yangu hiyo ni shida yake.

Mama yako tulimsomea. Umesema nisipambe, basi pokea. Alisema, "Kumbe nilizaa mtoto akaoshe miguu ya watu." Chupa yako akaitupa kwenye banda la bata. Siku hizi tumbo linamsumbua, uso umekuwa wa manjano, mdomo mkali kama siki. Usimjali.

Sasa duka. Hivyo viti na feni ni vya mkaguzi. Vya kwako ni vingine. Mungu wa Ardhi, sanamu yake iweke chini sakafuni itazame mlango, umpe ndizi na kahawa kila asubuhi, na kahawa iwe na sukari, usiwe bahili. Siku ya kufungua ichaguliwe na mtu anayejua. Na kubwa kuliko yote, mteja wa kwanza. Usimwachie yeyote ajiingilie tu kama mbuzi shambani. Mwite mtu wetu, mwenye mwaka wa kuzaliwa unaopatana na wako wa nguruwe kwa ile hesabu yetu ya wanyama, yaani wa mbuzi au wa paka. Asiwe mwenye kubishania bei. Asiwe na msiba. Mwenye duka naye asiwe na msiba, mfiwa hafungui kitu mpaka kilio kiishe, na watu wanalijua hilo, hawaingii kwake. Mteja wa kwanza akigeuka mlangoni akarudi, duka limekufa hapo hapo.

Na uwe na mgongo mgumu na sikio zito. Miguu ya watu inanuka, na wenye miguu wana midomo.

Bibi yako


Beaumont
2 Mei 1996

Bibi yangu mkali,

Salamu kwako na kwa Bi Tam anayevumilia maneno yako. Mimi sijambo, nimeongezeka, sasa ni ufagio wa nguvu.

Siku imepatikana, tarehe thelathini mwezi wa sita. Mtawa wa pagoda yetu, hekalu letu la Kibudha, anasema nikiikosa hiyo, mwaka huu wote hauna siku nyingine inayonifaa, na mwenye nyumba hawezi kunisubiri. Kila nilichonacho nimeshakiingiza ndani ya chumba kile. Nisipofungua siku hiyo narudi kukaa kiti cha nyuma kwenye saluni ya bosi wangu, yule anayetuhesabia mpaka kwenda chooni.

Mteja wa kwanza nimempata. Bi Quyen, wa mwaka wa mbuzi, mtu wa upande wetu, ana dada yake hapo hapo Cai Lay. Anacheka mpaka dirisha linatetemeka.

Bibi, Mama naye ni wa mbuzi. Hawezi kuja, na hata angeweza asingekuja. Naomba picha yake tu. Nitaitundika juu ya meza yangu, Bi Quyen akiingia akutane na uso wa Mama. Mwombe. Akikutukana, nitumie na matusi, ila picha iwemo.

Thoa wako


Cai Lay
28 Mei 1996

Thoa,

Mimi mzima. Nawe uwe mzima, hiyo ni amri.

Leo anayeandika ni muuza tikiti za bahati nasibu. Bi Tam amekataa kushika kalamu, ana yake kichwani.

Picha hii hapa. Ndiyo iliyopo, mama yako na kamera hawakuelewana. Tumbo halimsumbui tena. Mwezi huu hajasema neno baya juu ya duka lako. Tundika, fungua siku ile ile, usibadilishe. Na usimwandikie maswali, hatajibu, unamjua alivyo.

Mvua zimeanza. Kula.

Bibi


Beaumont
19 Juni 1996

Bibi,

Sijambo, natumaini nawe hujambo.

Picha nimeiona. Gauni la mahameli, kitambaa cha buluu nyuma, uso umetazama mbele kavu kabisa. Bibi, mimi si mtoto. Hiyo ni picha ya meza ya mababu, ile ambayo wazee wanaipiga mapema wakingoja siku yao ya kufa. Nimemwomba uso wa kunikaribishia mteja, ananitumia uso wake wa kufukizwa ubani. Nimemwelewa. Anataka niambiwe kwamba kwangu yeye alishakufa.

Basi mwambie nimeitundika hivyo hivyo, katikati ya ukuta, aione miguu ninayoosha. Na mwambie kama amekufa kwangu, afe vizuri, asirudi kunisumbua siku nikiwa na maduka matatu.

Zimebaki siku chache. Nina furaha, Bibi, hata hivyo.

Thoa


Beaumont
8 Julai 1996

Bibi,

Sikuulizi hali.

Bi Quyen alikuja asubuhi ya kufungua, amevaa nyekundu, amebeba machungwa. Kicheko kilianzia nje. Akavuka mlango, akainua macho, kicheko kikakatika kama umeme. Aliweka machungwa chini. Akaniambia, "Mwanangu, dada yangu aliniandikia kuna Huong amezikwa mtaani kwao mwezi wa tano, Huong mwenye bata. Uso wake naujua, sikujua tu ndiye mama yako. Umefungua duka na kilio kichwani?"

Nikamwambia amekosea, Mama mzima, tumbo lake limepona, Bibi ameandika. Nilimwambia hivyo huku nacheka. Bibi, nilicheka mbele yake.

Alinipa pole kwa mikono miwili, kwa adabu zote, akarudi kinyumenyume mpaka nje. Miguu yake haikugusa beseni. Mchana mtaa mzima wa watu wetu ulishajua, na wawili niliowaajiri wakachukua mikoba yao. Mmoja ana mtoto mchanga, anaogopa mkosi.

Ulijua. Ulinitumia picha ya marehemu nikaitundika kwa hasira, nikaitukana siku kumi na moja, kila asubuhi nikifungua pazia. Hata kitambaa cheupe cha msiba sijafunga kichwani. Sijui nimwombe nani nini.

Thoa


Cai Lay
4 Agosti 1996

Thoa,

Bi Tam amerudi kuandika. Amenitukana kwanza, sasa tunaendelea.

Barua zako zote mbili nimesomewa, ile ya kwanza nayo. Ile ya "afe vizuri". Nilisomewa nimekaa mbele ya meza yake, ubani unawaka.

Mama yako alikufa tarehe ishirini mwezi wa tano, ini. Mimi ndiye niliyemzaa na mimi ndiye niliyemvisha. Barua yako ya kuomba picha ilifika kesho yake ya mazishi, nyumba bado imejaa vyombo vya watu. Nikafikiri, mmoja nimeshampoteza, huyu mwingine asipoteze duka. Ukijua unavaa kilio, ukivaa kilio hufungui. Nikanyamaza. Ningenyamaza tena.

Picha nilituma kwa sababu hakuna nyingine. Nikasema huko ni kwa wazungu, kwao picha ni picha, nani atajua. Yule mteja wa kwanza, mtu wetu anayeijua picha kama hiyo, nilikuagiza mwenyewe, halafu nikamsahau. Wewe ulikuwa mjinga mara moja tu, mimi nikakuzidi kwa yote.

Unataka niseme alikusamehe? Sisemi. Hakukutaja. Ungetaka uongo ungebaki na ule wa kwanza.

Funga kitambaa cheupe. Kilio kikiisha, fungua tena.

Bibi


Cai Lay
20 Januari 1997

Mjukuu wangu,

Hujajibu. Dada yake Bi Quyen anasema kwenye chumba chako sasa wanauza simu, nawe uko kiti cha nyuma kwa yule bosi wako. Kiti ni kiti. Mwaka wetu mpya unakaribia, nimepika mayai na nyama ya nguruwe, nimeweka bakuli lako mezani, bata wamekula chako.

Kuna kitu sikukuandikia. Nilikunyima makusudi, kwa lile neno lako la kufa vizuri. Bi Tam anasema nikifa nalo atanizika kifudifudi.

Siku ya kupiga ile picha, mama yako aliingia mwenyewe kwenye banda la bata, amejikunja na tumbo lake, akaitafuta ile chupa matopeni. Akapaka kucha zote. Rangi ikapita mpaka kwenye nyama. Kazi mbovu kabisa, wewe ungemfukuza. Kwa mpiga picha akaiweka mikono kifuani, kucha zitazame mbele. Mpiga picha akamwambia picha ya meza ya mababu ni uso tu, mikono haifai. Akaikata kwenye picha. Ndiyo maana amekasirika hivyo usoni. Hakukukasirikia wewe.

Hakusema neno, hilo ni kweli. Wakati wa kumvisha, mke wa mjomba wako alileta dawa ya kufuta. Nikampiga mkono. Ameingia ardhini na kucha zako.

Chupa imebaki nusu. Iko kwangu. Siitumi kwa posta. Ukiitaka njoo uichukue, na nitakupiga kwanza.

Bibi yako