Muhuri Wangu Uko kwa Fundi Liao, Gari Langu Liko Bandarini

Mpendwa Shangazi Hsueh, naomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujanikaripia, maana mimi ni fundi magari, mikono yangu imezoea spana kuliko kalamu, na majina nitakayoandika humu nimeyabadilisha lakini mengine yote ni kweli tupu. Nina miaka arobaini na sita, nina gereji yangu hapa Fengyuan, mume wangu Yung-fu yuko kiwanda cha baiskeli, watoto hatukujaliwa, na tangu ujana nimekuwa na hamu moja ambayo kila mtu ananicheka kwayo, nayo ni kumiliki Porsche ya gia za mkono, injini nyuma, siyo kuitengeneza ya mtu na kumrudishia ufunguo, iwe yangu mwenyewe.

Nilijinyima miaka kumi na saba, Shangazi. Mchana ni wali wa boksi, sikukuu tunakaa nyumbani, na shemeji zangu wakinunua nyumba wananiuliza, "Wewe bado unanunua matairi?" Mwaka jana nikalipata gari Marekani, jimbo la Oregon, kwa mzee mmoja, Bwana Halvorsen, aliyekuwa mhandisi wa madaraja na sasa macho yamemwishia hawezi kuendesha. Binti wa kaka yangu alitutafsiria kwenye simu ya video, na yule mzee hakugusia bei, aliniuliza nikisikia mlio fulani injini ikiwa baridi nitaanza kufungua wapi, nikamjibu, akauliza jingine, nikamjibu, tukaenda hivyo saa nzima, kisha akasema, "Mwambie mama huyu gari ni lake. Yuko mwingine aliyeniahidi zaidi, lakini hata kupima oili hajui." Nilitoka nje nikalia nyuma ya mapipa ya oili chafu ili vijana wa gereji wasinione, kesho yake nikatuma fedha zote kwa benki, stakabadhi ninayo, na hati ya mauzo aliyoitia sahihi ninayo pia.

Sasa wewe usiyeagiza magari huenda hujui, bei ya kununulia ni nusu tu ya safari, kuna ushuru wa forodha, juu yake kodi ya bidhaa, juu yake kodi ya magari ya anasa, juu yake tena kodi ya mauzo, kila moja inapanda mgongoni mwa mwenzake na ukimaliza ni kama umenunua gari mara mbili. Mimi nilijua hayo, nilijipanga, fedha za kodi niliziweka kando. Makaratasi ndiyo siyawezi, kwa hiyo nikamwendea Fundi Liao.

Huyu Fundi Liao ndiye aliyenifundisha kazi. Nilikuwa na miaka kumi na saba, gereji tano zilinifukuza kwa sababu ni msichana, yeye akanipa ovaroli, na mteja mmoja alipogoma kunipa gari lake akamwambia, "Basi kalitengeneze mwenyewe." Sasa ana miaka sabini na moja, mgongo umemwangusha, gereji alifunga, anakula kwa kutoa magari ya watu bandarini kupitia kampuni moja ya mawakala. Nilimpa fedha zote za kodi, kamili, nikampa na muhuri wangu wa jina, ule ambao ukigongwa ni sawa na mimi nimesaini, naye akaniambia, "Wewe kasafishe mahali pa kuliegesha. Mengine niachie."

Gari likafika bandari ya Taichung. Juma lililopita ikaja barua ya forodha, inasema bei iliyoandikwa ni ndogo mno kwa gari la aina hiyo, nilete uthibitisho wa malipo ndani ya siku kumi, na wameambatisha nakala ya hati ya mauzo. Bei ni chini ya nusu ya niliyolipa, imeandikwa kwamba gari lilizama kwenye mafuriko, gari ambalo halijawahi kuona hata dimbwi, na chini kuna sahihi ya Bwana Halvorsen.

Nikaenda mbio kwa Fundi Liao. Alikuwa anamenya mapera uani.

"Mzee, sahihi hii ni ya nani?"

"Ya mwenye gari. Unataka iwe ya nani?"

"Mwenye gari mkono wake unatetemeka. Hii imenyooka kama rula."

Akanisogezea kiti. "Pei-chun, umeshakuwa mtu mzima. Unadhani magari yote yanayoshuka pale yameandikwa bei ya kweli? Wanauliza kwa sababu wanalipwa waulize."

"Nilikupa kodi kamili ili usinifanyie hivi."

"Nimekupunguzia mzigo, unanifokea." Akatoa karatasi nyingine iliyochapwa tayari, muhuri wangu umeshagongwa. Inasema gari lilizama, nilinunua taslimu, stakabadhi ya benki haipo. "Safari hii wanataka uipeleke mwenyewe dirishani. Nenda, wape, cheka nao kidogo. Wiki ijayo unaendesha."

"Na nisipokwenda?"

Akaweka kisu chini. "Basi nenda ukanitaje. Kawaambie Liao ndiye, mje mumchukue. Mgongo huu nitaukunja vipi kwenye kile kitanda chao cha jela, wewe ndiye unajua."

Nilirudi nyumbani nikamweleza Yung-fu, akasema, "Ipeleke. Nani atachimbua mpaka Oregon?" Kisha akasema nimwombe Bwana Halvorsen aandike kwamba kweli lilizama, na nilianza kumwandikia, Shangazi, nilifika mstari wa pili, ndipo nikaona ujumbe wake uliokuwa umeingia asubuhi, anauliza kama gari limefika salama na kama liliwaka mara ya kwanza. Nikafuta nilichoandika.

Zimebaki siku sita. Gari nalitaka, sitakudanganya kwamba nimelikatia tamaa. Uongo siuwezi. Na huyu mzee, kila kitu ninachojua kuhusu injini kilitoka mikononi mwake. Nifanye nini?

Fundi wa kike, Fengyuan

*

Fundi,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara mbili nilikuonea huruma, na ya tatu nilishika kalamu nyekundu, kwa sababu kuna jambo umeliandika mwenyewe halafu ukalipita kama mtu anayepita mbwa mkali.

Ulimpa fedha za kodi kamili. Yeye akapeleka forodha bei ya chini ya nusu. Mzigo "aliokupunguzia" umeuona wapi? Fedha zilizobaki alikurudishia? Umeniandikia juu ya madaraja, mapera na mgongo wa mzee, na swali hilo hukuliuliza popote. Hata uani kwake ulilikaribia, akakutolea karatasi nyingine, ukaliacha. Mtu anayetambua ugonjwa wa injini kwa mlio wake hawezi kunidanganya kwamba hili hakulisikia. Ulilisikia. Uliogopa jibu.

Usinielewe vibaya, nakuhurumia. Milango mitano ilifungwa, mmoja ukafunguliwa, huyo mtu huwezi kumsahau. Lakini alikufundisha kazi, nawe ulimfanyia kazi, ukawa fundi mzuri mpaka mzee kipofu wa ng'ambo akakuamini kwa simu. Hapo mmelipana. Hakukununua.

Kabla ya safu hii nilikaa mahakamani miaka ishirini na miwili nikiandika maneno ya washtakiwa. Waliokuwa wezi hasa hawakuwa wengi. Wengi walikuwa watu kama wewe, wapole, wachapakazi, wakisema, "Niliambiwa nipeleke, nikapeleka." Na karatasi ile mbele ya hakimu ilikuwa na majina yao. Hati ya kwanza ilikwenda bila wewe kujua, ulikosea kutoa muhuri kama mtu anayeazimisha mwavuli, na hilo utalijibu. Hii ya pili ukiipeleka kwa mkono wako, huna tena pa kusema hukujua. Siku hiyo uongo unakuwa wako, na huyo mzee unayetaka kumwokoa atakuwa amekuzamisha pamoja naye.

Kwa hiyo sikiliza. Kesho asubuhi mapema nenda kwa Fundi Liao, uso kwa uso, usipige simu. Dai muhuri wako kwanza, uweke mfukoni, ndipo uzungumze. Muulize fedha ziko wapi na usijaze kimya chake kwa maneno yako, wanawake tuna tabia hiyo. Mwambie unakwenda forodha kusema ukweli, na kwamba akitaka mwende pamoja utamngoja nje. Unamwambia kabla kwa sababu unamheshimu. Humwombi ruhusa.

Ukitoka hapo pita ofisi ya wilaya, kuna wakili anayetoa ushauri bila malipo, mwonyeshe kila karatasi kabla hujafungua mdomo dirishani. Kisha peleka stakabadhi ya benki na hati ya kweli, uombe kurekebisha maelezo. Kodi utalipa kwa bei halisi. Adhabu sikuahidi kwamba utaiepuka, ila anayekwenda mwenyewe kabla hajafuatwa huwa anasikilizwa kwa sikio jingine. Fedha zikipungua, uza kitu. Vikipungua vya kuuza, liachie gari liende. Kwa wakopeshaji wa mitaani usikanyage, la sivyo nitakuja Fengyuan mwenyewe nikuchape.

Mumeo mwambie kwamba jina lililo kwenye karatasi ni la mkewe, kwa hiyo ushujaa wake ni wa bure. Na Bwana Halvorsen mwandikie yote, mpaka sahihi yake iliyoghushiwa, maana jina lake pia limechafuliwa na ana haki ya kujua.

Umengoja miaka kumi na saba. Usiingie kwenye gari hilo kwa mlango wa nyuma. Nawa mikono, chukua bahasha yako, nenda.

Shangazi Hsueh

*

Baada ya majuma kumi na moja fundi huyu aliniandikia tena. Ameniruhusu kuichapa barua yake.

Shangazi, nilikwenda kesho yake. Nilipouliza fedha ziko wapi alinyamaza mpaka chai ikapoa, nami nikakaa kimya kama ulivyosema. Ndipo akasema fedha zangu zilitoa gari la mteja mwingine, na za huyo zilikuwa zimetoa gari la mwingine kabla yake, amekuwa akizungusha hivyo miaka miwili. Nikamwambia saa nne nakwenda forodha, twende wote.

"Nakwenda wapi na wewe? Toka kwangu," akasema. Muhuri alikuwa ameshaurusha mezani.

Nilimngoja nje robo saa. Hakutoka. Nilikwenda kwa wakili, kisha bandarini, peke yangu. Afisa alikuwa binti mdogo, alisoma hati mbili zile kando kwa kando, akaniuliza, "Mama, unajua unachokileta hapa?" Nikasema najua. Nikaandika maelezo yangu kwa mkono mpaka ofisi ikafungwa, na nikarudi kuhojiwa mara mbili. Kodi nililipa upya kwa bei halisi, na adhabu nilitozwa, siyo ile kubwa niliyoiota usiku. Niliuza jeki kubwa moja na pikipiki, na Yung-fu akaleta akiba yake bila kuombwa, akaiweka mezani huku anaangalia televisheni.

Fundi Liao alipoitwa hakukana. Kampuni ilimwondoa, kesi yake haijaisha. Mkewe huniletea fedha kidogo kila mwisho wa mwezi. Yeye mwenyewe tukikutana sokoni huvuka kwenda upande wa pili. Inaniuma sana, Shangazi, naomba ujue hivyo, na ningerudishwa siku ile ningefanya vilevile.

Bwana Halvorsen alikasirika, lakini siku ya nne akaniandikia barua ya kupeleka forodha akithibitisha bei. Gari lilikwama kwenye kipimo cha kelele, nikabadili ekzosi, likapita mara ya pili. Ijumaa iliyopita nikapewa namba kwenye ofisi ya kusajili magari. Nilizifunga mwenyewe pale pale kwenye maegesho, Yung-fu ameshika skrubu.

Na Shangazi, langoni mbele ya watu wote likanizimikia. Miaka ishirini na tisa ya ufundi, nimeachia klachi kama mwanafunzi. Lori nyuma linapiga honi, Yung-fu anacheka mpaka anajipiga mapaja. Nikamwambia, "Funga mkanda." Nikakanyaga klachi, nikawasha tena, nikaingiza gia ya kwanza, tukatoka.