Rauta Mpya na Kamera ya Barazani

Jumatano, Kagondo. Mvua imenyesha tangu alfajiri, ikakatika mchana, na sasa kuna baridi tu. Nami niko hivyo hivyo.

Jumamosi nilibadilisha rauta. Ile iliyokuja na faiba ilikuwa haifiki chumbani, nikanunua nyingine mjini, kubwa, antena zimesimama kama pembe. Taa iligoma kwenye nyekundu mpaka nilipowapigia watu wa mtandao wakanitajia jina na nywila za kuingiza. Ikawaka kijani. Nikaipa waifai jina jipya, nikaunganisha simu, televisheni na kompyuta. Nikajiona fundi.

Kamera ya barazani niliisahau.

Kamera hiyo aliifunga mume wangu kabla hajahamishiwa Mwanza kikazi, ili atuone mimi na Koku kwenye simu yake. Mwanzoni alikuwa anapiga: geti liko wazi, au lile gauni limekupendeza. Siku hizi hapigi sana, ila husema hawezi kulala kabla ya kutuangalia. Nimeishi na neno hilo. Nafagia baraza hata likiwa safi. Sitoki nje bila kujitazama kwenye kioo. Ni ujinga, najua, lakini ndivyo ninavyoishi.

Leo mvua ilipokatika nilinunua senene, wale panzi wa msimu wa mvua, ndoo nzima, nikakaa kuwachambua pale barazani makusudi, awaone atamani kuja. Jirani akapita.

"Mama Koku, jamani waitu! Wote hao wa nani?"

Nikamwambia wa Baba Koku.

Baba Koku mwenyewe akapiga nikiwa bado na mabawa vidoleni. "Jana usiku niliwaangalia, nikaona kumetulia, nikalala," akasema. Nikamshukuru. Simu ilipokatika nikainua uso niitabasamie kamera. Kitaa chake kilikuwa chekundu, kinawaka na kuzima. Haikuwa na mtandao; bado ilikuwa inatafuta waifai ya jina la zamani.

Tangu Jumamosi haoni kitu. Na hajui kwamba haoni.

Nilisubiri hasira, haikuja. Nilisubiri kulia pia. Nikamaliza kuchambua, nikawaosha, nikawakaanga, mikono ikifanya kazi yenyewe.

Bibi yangu alikufa hajaonja senene. Enzi zake mwanamke alikamata na kukaanga, mume akala; kwa mwanamke kuwala ulikuwa mwiko. Mimi huonja mmoja wawili kupima chumvi, waliobaki nawatia kwenye kopo, wanapanda basi la Mwanza. Nilikuwa nikimhurumia bibi.

Leo nilichukua sahani, nikarudi barazani, nikakaa chini ya kile kitaa chekundu, nikala. Sikusikia utamu. Niliendelea tu kula, nikaenda kuongeza, mpaka hapakuwa na cha kutia kwenye kopo.

Kuiunganisha kamera ni kazi ndogo, nywila ninayo. Nimeiacha. Nataka kujua itamchukua muda gani kuniuliza mbona ni giza, na sina hakika kama nataka kweli.

Kesho sitafagia baraza.