Chupa ya Baba na Chupa ya Mtoto

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na unisamehe mwandiko, shule niliishia darasa la nne na barua hii naiandikia juu ya meza ya cherehani.

Mume wangu ni fundi bomba, mtu mwema, ila zamani kila Jumamosi akitoka kazini alikuwa anapitiliza baa na sisi tunakuja kumwona Jumapili, basi mwaka huu dukani ikaja ile soda ya watoto inayofanana na bia, chupa ya kahawia, kifuniko cha dhahabu, ukiimimina inatoa povu, kumbe ndani ni juisi ya tufaha tu, akamletea binti yetu wa miaka sita kwa mzaha, mtoto akasema baba Jumamosi ijayo tunakunywa tena, na kweli baba akarudi mapema, wakaketi mlangoni, wanagonganisha chupa, mtoto anajifuta povu na kusema, "Eeh, leo mabomba yamenitoa jasho," baba anacheka mpaka anakohoa, na tangu hapo anakunywa bia moja tu, nyumbani, na mimi nikaishukuru soda ile kama dawa.

Wifi yangu, dada yake mume, alinionya. "Wifi, unamwonyesha mtoto njia, halafu utamlaumu akifika." Nikamjibu wewe hujazaa unajua nini, neno ambalo hata leo likinijia naacha kushona. Tukanuniana miezi miwili.

Sasa Jumapili iliyopita kulikuwa na wageni kwa wifi, mume akaitwa kazini bomba limepasuka, nikaenda mimi badala yake na mtoto, na mgeni mmoja akaweka bia yake chini karibu na mguu wa kiti, binti yangu kuiona tu akajua ni yake, akapiga mafunda mawili kabla wifi hajamfikia. Hakulia. Alisema, "Shangazi, yangu imeharibika, ni chungu." Wifi hakuniaibisha mbele za watu, alimbeba chumbani, akamsukutua, akakaa naye kitandani hadi jioni akimtazama anavyopumua, mimi nimesimama mlangoni, na lile la "nilikuambia" hakulitamka. Mtoto mzima, anacheza. Namshukuru mpaka nakosa uso wa kumtazama.

Mume hajui. Nikimwambia, soda itakwisha na naogopa atarudi baa, nikinyamaza namhofia mtoto. Nifanye nini, na wifi nimwendee na nini mkononi?

Mama Mshonaji

JIBU

Pole, mama. Ila nikugombeze kidogo kwanza. Mtoto wa miaka sita akinywa bia hatazamwi kitandani, anakimbizwa zahanati. Safari hii mmeponea chupuchupu. Na binti yako hana kosa hata chembe, chupa ya kahawia ni yake, ninyi ndio mliomwambia hivyo kila Jumamosi.

Sasa nikutoe hofu. Unaishukuru soda, mama, unamshukuru asiyehusika. Mwanaume mzima hakuacha baa kwa ajili ya juisi yenye povu. Alirudi kwa sababu kuna mtu mdogo anamngoja mlangoni na kumtolea habari za mabomba. Chupa iondoke, kikao kibaki.

Mwambie leo, akishakula. Mwambie yote, usipunguze hata funda moja. Ukianza na "wewe na pombe yako" utamkimbiza, kwa hiyo anza na maneno ya mtoto mwenyewe: "Yangu imeharibika, ni chungu." Halafu nyamaza, umwache akae nayo. Jumamosi wote wawili wanywe kitu kimoja, chai au juisi, kwenye vikombe, na mtoto ndiye amimine. Bia yake akiitaka, angoje mtoto alale, na chupa isiachwe sakafuni. Akirudi baa hata baada ya hapo, ujue ugonjwa ulikuwapo na soda iliufunika tu. Mpeleke kwa wataalamu wa zahanati, usijilaumu.

Kwa wifi usibebe chochote. Nenda na mtoto. Anza na lile neno lenyewe, "nilikuambia hujazaa, nilikukosea," wala usijifiche nyuma ya "kama nilikuudhi." Ukishaomba radhi ndipo ushukuru. Kisha mwambie kwamba mtoto huyu ana mama wawili, na umwambie huku mtoto anasikia.