Sahani ya Mama Samer

Najwa, uko hewani? Mama Samer hayupo tena.

Nilikuwa namrudishia jirani yangu sahani yake, ile ya maua ya bluu aliyoniletea majani ya mzabibu yaliyoviringishiwa wali. Wajua kwetu sahani hairudi tupu, nikaijaza wali wa dengu. Njiani natunga kitendawili cha kumkomoa: huenda imeshiba, hurudi imeshiba, na haijala kitu.

Nyumba haipo, Najwa! Mlio ule wa bomu alfajiri nilisema ni wa mbali. Kumbe ni kwao. Kifusi kitupu.

Binti yake Rawan amekaa kwenye jiwe. "Mama yuko wapi?" "Wamemtoa, mama mdogo. Wamemfunika." Na mimi nimesimama na wali wa moto mkononi!

Akaupokea, akawagawia wanaochimba. Kisha akauendea mlimau wao ulioanguka, akachuma, akanirudishia sahani imejaa malimau.

Nikamwambia, "Mwanangu, acha!" Akasema, "Mama angenigombeza. Alisema ukirudishiwa sahani tupu utatutangaza mtaa mzima."

Malimau, Najwa. Nimeyapakata hapa, yana vumbi la nyumba yake.

Sasa ni zamu yangu kuirudisha. Niijaze nini, na nimpelekee nani?